Pesa inayokatwa kabla haijafika nyumbani



Katika vikundi vyetu kuna maswali mawili yanayorudi sana, hasa katika miezi hii ya mwanzo wa mwaka. La kwanza ni hili: "Baba wa nyumba aliambiwa kazi yake inalipa franka 600,000, mbona anafika nyumbani na pungufu? Zile zingine zinakwenda wapi?" La pili: "Watoto wetu walio Marekani wanasema mwezi wa pili au wa tatu serikali inawarudishia kodi. Mbona sisi haturudishiwi?"

Maswali haya mawili ni ndugu. Yote yanauliza juu ya pesa ambayo mtu ameifanyia kazi lakini mkono wake haujaigusa. Wiki hii tunayajibu pamoja. Jibu letu kwa kifupi ni kwamba kule Marekani hesabu inafanywa mwisho wa mwaka, na kilichozidi kinarudi. Kwetu Kongo hesabu inafanywa kila mwezi na mwenye kazi, na mfanyakazi hana msimu wa kurudishiwa. Kwa hiyo haki ya watoto wetu tunailinda kabla pesa haijakatwa, na tunailinda kwa karatasi.

MAKATO NI YA NAMNA GANI

Kila anayelipwa mshahara kwa mkataba wa kazi, awe dereva wa shirika, mlinzi, muuguzi wa hospitali ya binafsi au mpishi wa mradi, ana mishahara miwili. Kuna mshahara wote, ule ulioandikwa kwenye mkataba, ambao wengi wanauita bruti. Na kuna ule unaofika mkononi, neti. Katikati yake panapita makato mawili makubwa.

La kwanza ni la CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la INSS. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake. Pesa hii si kodi. Ni akiba ya uzeeni, ya ulemavu na ya kifo.

La pili ni kodi yenyewe, inayoitwa IPR, kodi ya mapato ya kazi. Mwajiri anaikata na kuipeleka kwa DGI, ofisi ya serikali ya kodi, kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi hapangi mstari kwenye ofisi ya kodi na hajazi fomu mwisho wa mwaka. Mwenye kazi ndiye anayehesabu, ndiye anayekata, ndiye anayepeleka. Hapo ndipo faida ilipo, na hapo hapo ndipo hatari ilipo. Faida ni kwamba hatusumbuki. Hatari ni kwamba mwajiri akihesabu vibaya, au akikata bila kupeleka, sisi tunaweza kukaa miaka bila kujua.

Tena kuna kitu ambacho kila mama anapaswa kukishika. Mwajiri naye ana sehemu yake ya CNSS, na hiyo anaitoa mfukoni mwake. Ni asilimia 5 ya uzeeni, asilimia 6.5 kwa ajili ya familia, na asilimia 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Jumla ni asilimia 13. Malipo ya INPP na ya ONEM pia ni ya mwajiri. Ukiona fishi ya mshahara ambayo imemkata mfanyakazi asilimia 18 kwa jina la CNSS, ujue mwajiri ameweka mzigo wake juu ya kichwa cha mwingine. Hapo kuna haki ya kuuliza.

TUHESABU PAMOJA

Chukueni kalamu. Tunaweka familia ya mfano: baba ni dereva wa shirika hapa Baraka, mshahara wake wote ni franka 600,000 kwa mwezi. Nyumbani kuna mke, watoto watano, na mama mzazi wa baba anayekaa nao. Yaani watu saba wanaomtegemea.

Kwanza CNSS: asilimia 5 ya 600,000 ni 30,000. Zinabaki 570,000. Kodi inahesabiwa juu ya hizo 570,000, kwa sababu mchango wa CNSS hautozwi kodi.

Sasa IPR. Kodi hii inapanda kwa ngazi. Kwa viwango vya mwaka 2024, franka 162,000 za kwanza za mwezi zilikatwa asilimia 3. Kuanzia hapo mpaka 1,800,000 ni asilimia 15. Kutoka 1,800,000 mpaka 3,600,000 ni asilimia 30. Zinazopita hapo ni asilimia 40. Wengi wanaogopa wakisikia "asilimia 15", wanafikiri mshahara wote unakatwa hivyo. Hapana. Kila ngazi inakatwa kwa kiwango chake peke yake. Ndiyo maana mtu hawezi kupoteza pesa kwa sababu ameongezewa mshahara.

Kwa dereva wetu:
Franka 162,000 kwa asilimia 3 ni 4,860.
Franka 408,000 zilizobaki kwa asilimia 15 ni 61,200.
Jumla ni 66,060.

Mwajiri asiyejua kitu juu ya familia ya dereva atakata 66,060, na nyumbani zitafika 503,940. Lakini sheria inasema kodi ipunguzwe asilimia 2 kwa kila mtu wa familia anayemtegemea mfanyakazi, mpaka watu tisa. Watu saba ni asilimia 14. Asilimia 14 ya 66,060 ni franka 9,248. Kodi inashuka mpaka 56,812, na nyumbani zinafika 513,188.

Mtasema franka 9,248 ni kidogo. Zizidisheni mara 12. Ni karibu franka 111,000 kwa mwaka. Mfanyakazi huyo akikaa kazini miaka mitano bila kutangaza watoto wake, amepoteza zaidi ya franka 550,000. Hizo ni daftari, ni yunifomu, ni dawa ya malaria, ni mtaji wa mama kuanza kuuza ndagala. Na hakuna mwezi wa pili wala wa tatu ambao serikali itamwita kumrudishia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hutoboa kibaba pia.

NANI ANAHESABIWA

Sheria ya kodi ya mapato inahesabu mke, watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, na wazazi wa upande wa mume na wa mke kama wanaishi katika nyumba hiyo hiyo. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa wanahesabiwa. Mtoto wa kulelewa anahesabiwa pale tu malezi yake yamethibitishwa kwa karatasi ya sheria.

Hapa ndipo jambo linapogusa vikundi vyetu moja kwa moja. Mwajiri hatamwandika mtoto kwa maneno. Ataomba cheti cha kuzaliwa. Hatamwandika mke kwa maneno. Ataomba cheti cha ndoa. Na katika sekta zetu nne, Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, ni watoto wangapi wamezaliwa njiani wakati wa kukimbia, au ng'ambo kambini, au nyumbani kwa mkunga, na hawana karatasi yoyote? Tunajua wenyewe.

Sheria ya familia ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Inasema mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya serikali ya uandikishaji, na ndani ya siku hizo cheti ni bure. Siku 90 zikipita, inabidi kupitia mahakama kupata hukumu ya kuziba pengo hilo, na njia hiyo inakula muda na pesa. Kwa hiyo mama akitoka kujifungua, karatasi anayopewa na kituo cha afya asiikunje na kuisahau chini ya godoro. Karatasi hiyo si cheti cha kuzaliwa, ndiyo mlango wa kukipata.

Na ndoa ya kimila, ambayo familia mbili zimekaa, mahari imetolewa na wazee wamebariki, inaweza kuandikishwa kwenye ofisi hiyo hiyo. Si lazima kufanya karamu ya pili. Ni kwenda pamoja, na mashahidi, kuandikisha kile ambacho tayari kipo.

PESA AMBAZO HAZITOZWI KODI

Si kila franka inayotoka kwa mwajiri inatozwa IPR. Posho ya familia kwa kiwango cha sheria haitozwi. Pesa ya nyumba haitozwi kama haipiti asilimia 30 ya mshahara. Usafiri wa kwenda kazini na kurudi, kwa kiwango kilichowekwa, pamoja na matibabu, navyo vina msamaha.

Hii ina maana gani? Mkataba ukisema tu "franka 600,000" bila kufafanua, kodi inakula juu ya zote. Mkataba ukisema mshahara ni 480,000 na pesa ya nyumba ni 120,000, jumla ni ile ile, lakini IPR kabla ya kuhesabu watoto inashuka kutoka 66,060 mpaka 48,960. Lakini tusiwe na haraka: mchango wa CNSS nao unashuka, na pensheni inahesabiwa juu ya mshahara uliochangiwa. Tena hatusemi watu watunge uongo kwenye mkataba. Tunasema kama mwajiri kweli anatoa pesa ya nyumba na ya usafiri, ziandikwe kwenye mstari wake. Wakati mzuri wa kuuliza hilo ni siku ya kusaini, kabla wino haujakauka.

ASILIMIA 5 NI YA MJANE NA YATIMA PIA

Turudi kwenye CNSS, kwa sababu hapa wamama wanaumia zaidi kuliko kwenye kodi. Sheria mpya ya usalama wa jamii ilitiwa saini siku ile ile ya sheria ya familia, 15 Julai 2016. Mfuko huo ukifanya kazi vizuri, unamlipa mzee pensheni, unamlipa aliyepata ulemavu, na mfanyakazi akifariki, unawaangalia mjane na yatima. Upande wa familia una posho ya mimba, ya uzazi na ya watoto.

Lakini CNSS inamlipa mjane wa mtu aliyeandikwa na kuchangiwa. Kama mwajiri alikata asilimia 5 kila mwezi akaitia mfukoni, siku ya msiba mjane atapiga hodi kwenye mlango ambao jina la mume wake halijulikani. Na kama mchango ulilipwa lakini ndoa haikuandikishwa, ataambiwa alete ushahidi wakati shahidi mkubwa tayari yuko kaburini. Mambo haya hayapendezi kusemwa mezani, lakini mama anayenyamaza leo atayasema kesho akiwa analia.

Kwa hiyo ulizeni vitu viwili tu. Namba ya CNSS ya mfanyakazi ni ipi? Na je, mwajiri anaweza kuonyesha kwamba mchango umepelekwa? Ikiwa namba haipo baada ya miezi mingi ya kukatwa, hapo kuna tatizo. Mfanyakazi aanze kwa kuuliza mwajiri kwa maandishi, kwa heshima, na abaki na nakala. Asiposikilizwa, kuna mkaguzi wa kazi na kuna ofisi ya CNSS yenyewe. Wawakilishi wa wafanyakazi, pale walipo, wanaweza kuuliza kwa niaba ya wote ili mtu mmoja asionekane mkorofi.

Jueni pia kwamba fishi ya mshahara si zawadi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hesabu iliyoandikwa kila anapomlipa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fishi ndilo daftari letu. Zitunzwe zote, hata zile za kazi iliyokwisha, kwenye mfuko wa plastiki usioingia maji, pamoja na vyeti vya watoto. Sisi watu wa Fizi tunajua kukimbia ghafla. Mwenye simu yenye kamera apige picha ya kila karatasi na amtumie ndugu mmoja anayeaminika aliye mbali.

Wafanyakazi wa serikali wana mfuko wao wa pensheni, CNSSAP. Lakini shauri ni lile lile: kujua namba yako, kutunza karatasi, na kuhakikisha familia imetangazwa.

KUZUNGUMZA NA BABA BILA VITA

Wamama wengi wanasema: "Mume wangu hataki nione fishi yake." Tunaelewa. Wababa wengine wanaona kuulizwa mshahara ni kama kupekuliwa mfuko. Hapo ushauri wetu ni kutoanza na neno "pesa yako". Anzeni na neno "watoto". Mwambie: "Baba, nimesikia watoto wakitangazwa kazini kodi inapungua. Vyeti vyao hivi hapa, nimevipanga. Tuvipeleke lini?" Mwanaume anayepewa faida mkononi hana sababu ya kukasirika. Na siku atakapoona neti imepanda franka 9,000, yeye mwenyewe ataileta fishi mezani.

Na dada zetu mnaopokea mshahara wenyewe, msingoje. Watoto wenu wawe kwenye faili lenu la kazi, namba ya CNSS iwe kwenye daftari lenu, hata kama mume ana kazi au hana.

WALE WASIO NA MWAJIRI

Wengi wetu hatuna fishi. Tunauza ndagala na mikeke, tunauza muhogo, kitenge, mafuta ya mawese. Hakuna anayetukata mshahara, lakini tunalipa: patente, kodi ya soko, tiketi ya siku. Kwa biashara ndogo kabisa sheria imeweka kodi ya mapato ya kiasi kimoja kwa mwaka, si asilimia ya kila kikapu kinachouzwa. Kinachotulinda ni kile kile kinachomlinda dereva wetu, karatasi. Ukilipa, dai kitansi chenye muhuri, tarehe na jina la kodi. Pesa iliyotolewa bila kitansi, serikali haitaiona, na kesho mwingine atakuja kudai ile ile.

NA WALE WA MAREKANI?

Sasa swali la pili. Tangu vita vya 1996 ndugu zetu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakakaa Nyarugusu, na kutoka huko familia nyingi zimepelekwa kuishi Marekani. Wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, kwenye maghala, kwenye mahoteli, kwenye nyumba za wazee. Kila mwaka wanajaza kodi mpaka katikati ya Aprili, na wengi wanarudishiwa.

Pesa ile si zawadi ya serikali. Sehemu moja ni jasho lao wenyewe. Kule mwajiri anakata kodi kila malipo kwa kukisia, kulingana na karatasi ambayo mfanyakazi alijaza siku ya kuanza kazi. Mwezi wa kwanza wa mwaka anampa karatasi inayoitwa W-2, inayoonyesha alilipwa ngapi na alikatwa ngapi mwaka uliopita. Hapo hesabu ya kweli inafanywa. Kama makisio yalizidi, kilichozidi kinarudi. Kama yalipungua, anadaiwa. Nao pia wana makato yasiyorudi: katika kila dola 100 za mshahara, dola 7 na senti 65 zinakwenda kwenye mfuko wa uzeeni na wa matibabu ya wazee, kama CNSS yetu.

Sehemu ya pili ni msaada kwa familia za kipato kidogo zenye watoto. Kwa mapato ya mwaka 2023, punguzo la mtoto aliye chini ya miaka 17 lilifika mpaka dola 2,000, na la mfanyakazi wa kipato kidogo mwenye watoto watatu au zaidi lilifika mpaka dola 7,430. Haya mawili ndiyo yanayofanya simu zilie kwa furaha. Na wanaodai misaada hii hawawezi kulipwa kabla ya katikati ya Februari, kwa sheria.

Kwa nini mama wa Baraka ajue haya? Kwa sababu tatu.

Kwanza, watoto wanaohesabiwa kule ni wale walio na namba ya usalama wa jamii ya Marekani na walioishi na mzazi huyo kule zaidi ya nusu ya mwaka. Mtoto anayeishi Mboko, Nundu au Lulimba hawezi kuwekwa. Akija mtu kuomba majina na tarehe za kuzaliwa za watoto wako "ili ndugu yako apate zaidi", kataa. Akigunduliwa, ndugu yako atadaiwa kurudisha pesa, na anaweza kufungiwa punguzo hilo miaka 2, au miaka 10 kama ilikuwa udanganyifu wa kukusudia. Kule kuna watu wanaojazia wengine fomu kwa malipo na kuongeza watoto hewa, halafu adhabu inamkuta mwenye fomu. Mkipiga simu, waambieni wapo pia watu wa kujitolea wanaojaza fomu bure kwa familia za kipato kidogo, chini ya mpango unaoitwa VITA.

Pili, pesa anayokutumia haimpunguzii kodi kule. Hata akituma dola 100 kila mwezi kumlisha mama mzazi, serikali ya kule inaihesabu kama zawadi yake binafsi. Kwa hiyo anapotuma, anatuma kutoka kwenye kile kilichobaki baada ya kodi, nyumba na gari. Tumshukuru hivyo.

Tatu, marejesho huja mara moja kwa mwaka, na huweza kuchelewa au kuwa madogo kuliko ya mwaka jana. Mtoto akitimiza miaka 17, punguzo lake linashuka. Mzazi akiongezewa mshahara, msaada unapungua. Kwa hiyo tusichukue mkopo wa AVEC mwezi wa kwanza tukisema "nitalipa na pesa ya kodi ya Marekani". Pesa hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ana deni la nyumba. Ikija, ipokelewe kama mvua. Isipokuja, chakula cha watoto kisitegemee. Na mtu asiyejulikana akipiga simu kusema marejesho ya ndugu yako yamekwama na wewe utume pesa kidogo kuyafungua, kata simu, umpigie ndugu mwenyewe.

KAZI YA WIKI HII

Katika mkutano wa kikundi, wale wenye mtu wa mshahara nyumbani waje na fishi moja, wakifunika jina kama wanapenda. Tuangalie mistari minne. Mshahara wote ni ngapi? CNSS ni asilimia 5, haizidi? IPR ni ngapi, na imehesabu watu wangapi wa familia? Namba ya CNSS imeandikwa? Viwango vya kodi vinaweza kubadilishwa na sheria ya fedha ya mwaka, kwa hiyo mwaka ukianza mhasibu wa mwajiri aulizwe kama kuna kipya.

Wale wasio na fishi, watuletee hesabu nyingine: watoto wangapi nyumbani wana cheti cha kuzaliwa, na wangapi hawana. Yule aliyezaliwa mwezi huu au uliopita bado yuko ndani ya siku 90. Mama yake asirudi nyumbani kutoka mkutanoni kabla hajapata mwenzake wa kumsindikiza kwenye ofisi.

Mpaka wiki ijayo, wamama. Muwe na amani.